AC ya gari inapuliza joto? Usikimbilie kujaza gesi

Kama unaendesha Dar kuanzia Desemba mpaka Machi unajua ninachoongelea, saa nane mchana uko Ubungo foleni haisogei, umewasha AC mpaka mwisho na kinachotoka kwenye matundu ni hewa ya moto kama mtu anakupumulia usoni, shati limegandana na siti, unashusha kioo unakutana na moshi wa lori. Mi nimeishi hivyo karibu mwaka mzima na IST yangu, na ndani ya huo mwaka nilijaziwa gesi mara tatu. Ya kwanza ubaridi ulikaa miezi minne, ya pili mwezi na kitu, ya tatu haikumaliza wiki mbili. Kila nikirudi naambiwa "gesi imeisha bosi", na mi natoa hela.

Hilo neno "imeisha" ndo liliniponza. Gesi ya AC haiishi kama wese. Haiungui, hailiwi na kitu, inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka nenda rudi. Ikipungua imetoka, na kama imetoka kuna mahali imetokea, kwaiyo anayekujazia bila kutafuta hapo mahali anakuuzia gesi ya kwenda kuvujia barabarani.

Kwa kifupi mfumo uko hivi: kompresa inaibana gesi, inatoka ya moto yenye presha kubwa, inaenda kondensa (ile inayofanana na rejeta, iko mbele kabisa nyuma ya show ya gari) inapoozwa na upepo mpaka inakuwa kimiminika, halafu inasukumwa kwenye kijitundu cha ekspansheni valvu kuingia evapureta iliyojificha ndani ya dashibodi. Pale presha inashuka ghafla, gesi inachemka, na ikichemka inanyonya joto la hewa inayopulizwa na feni ya ndani. R134a, ambayo ndo gesi ya gari nyingi tunazoendesha huku, kwenye presha ya kawaida inachemka nyuzi 26 chini ya sifuri, ndo maana ikikumwagikia mkononi inaunguza kwa baridi na ikiingia jichoni ni hospitali. Kitu kingine watu hawakijui, oili ya kulainisha kompresa inasafiri pamoja na gesi. Ukiendesha AC ina gesi kidogo kompresa inakosa oili inakufa, na kompresa ndo kifaa cha bei kuliko vyote humo.

Anza na vya bure

Usicheke, lakini angalia kwanza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kikiwa kwenye hewa ya nje mchana wa jua, AC inahangaika kupooza joto la lami muda wote. Na gari ikiwa imepigwa jua, ukiingia fungua vioo vyote dakika mbili tatu uende nayo hivyo hivyo joto litoke, ndo ufunge. Nimeshaona mtu anataka kushusha kompresa kumbe mtoto alizungusha kinobu cha joto kikawa kwenye nyekundu.

Kisha filta ya AC. Gari nyingi za Toyota iko nyuma ya ile droo ya dashibodi upande wa abiria, unaminya pembeni droo inashuka, unachomoa kifuniko cha plastiki, inatoka. Yangu ilitoka na majani makavu, vumbi la kutosha kupanda mchicha, na unyoya. Ikiziba upepo unakuwa hafifu, kwaiyo ubaridi upo ila haukufikii. Tofautisha hapo mapema: upepo mdogo ni habari ya filta au feni ya ndani, upepo mwingi wa moto ni habari nyingine.

Sasa fungua boneti, gari iwe inaunguruma, mwambie mtu akae ndani awashe na kuzima AC. Weka mikono mbali na mikanda na feni, na kama umevaa tai au mtandio utoe. Unasikiliza "taka!", ule mlio wa klachi ya kompresa ikishika, na injini inazama kidogo kisha inajirekebisha. Angalia uso wa mbele wa kompresa, puli inazunguka muda wote maana iko kwenye mkanda, ila lile sahani la katikati linazunguka AC ikishika tu. (Gari mpya mpya nyingine kompresa zake hazina klachi, puli na ndani vinazunguka pamoja, kwaiyo ukikosa mlio usiseme imekufa.)

Klachi isiposhika, usikimbilie kompresa. Angalia fyuzi ya AC, halafu rilei (kile kiboksi kidogo kinachowasha na kukata umeme). Rilei ina mtihani rahisi kuliko yote, kwenye boksi la fyuzi tafuta nyingine yenye namba ile ile, mara nyingi ya honi, zibadilishane. AC ikiwaka na honi ikakataa, umemaliza kazi kwa bei ya rilei moja. Vyote vikiwa vizima chukua testa upime waya unaoingia kwenye klachi: kama volti 12 zinafika na klachi haivuti, ugonjwa uko kwenye koili (ile sumaku ya umeme inayovuta sahani) au nafasi ya klachi imekuwa kubwa. Kama umeme haufiki, basi kuna kitu kinaukata, na mara nyingi ni swichi ya presha inayokataa kuruhusu kompresa kwa sababu gesi ni kidogo sana. Inailinda. Wapo mafundi wanachukua kiwaya wanaiunganisha moja kwa moja ili "AC ifanye kazi", huyo usimpe ufunguo wa gari yako.

Klachi ina ugonjwa mmoja wa kuchezea akili. Asubuhi inashika vizuri, ukitembea nusu saa injini ikipata moto inaachia, unapata joto, ukipaki ikapoa inarudi. Nafasi kati ya sahani na puli inatakiwa iwe ndogo sana, karibu nusu milimita, ikilika inazidi na koili ikipata moto nguvu ya sumaku inapungua inashindwa kuvuta. Dawa yake mara nyingi ni kutoa kishimu kimoja kile chembamba chini ya sahani, dakika ishirini na spana, wakati wenzako wameuziwa kompresa nzima.

Baridi ukiwa unatembea, joto ukisimama

Hii ni kesi ya peke yake na ndo nyingi zaidi kwa watu wa foleni. Ukiwa Bagamoyo Road usiku gari ni friji, ukifika taa za Mwenge inageuka oveni. Hapo gesi haihusiki sana, kondensa haipati upepo. Gari ikitembea upepo unaingia wenyewe, ikisimama inategemea feni. Washa AC gari imesimama, feni ya mbele inatakiwa kuwaka ndani ya muda mfupi na kuzunguka kwa nguvu, sio kuzunguka kivivu kama ya saluni. Mota za feni zinachoka brashi, zinazunguka ila hazivuti, jaribu kuweka gazeti mbele ya show uone kama linanyonywa na kung'ang'ania.

Feni ikiwa nzima chungulia kati ya kondensa na rejeta. Pale katikati panajaa mifuko ya rambo, wadudu, matope, na kutoka mbele huwezi kuona. Osha kwa maji ya bomba ya kawaida kutokea nyuma kuja mbele ikiwezekana, ile mashine ya presha ya kuoshea gari usiisogeze karibu maana inalaza mapezi ya kondensa yote na hapo umeziba mwenyewe. Na angalia mshale wa joto la injini, injini ikianza kupanda joto kompyuta ya gari nyingi inaikata AC makusudi, kwaiyo unaweza kuwa unasumbuka na AC kumbe rejeta ndo mgonjwa.

Gusa mabomba. Kwenye boneti kuna mawili ya alumini, nene na jembamba. AC ikifanya kazi nene linatakiwa liwe baridi la kutoa jasho kama chupa ya soda, jembamba liwe la moto (gusa kwa haraka, linaunguza). Nene likiwa vuguvugu na kompresa inazunguka, sasa ndo tunaongea habari za gesi.

Geji zinasema nini

Usikubali mtu akujazie gesi bila kufunga geji zote mbili, ya bluu (upande wa presha ndogo) na nyekundu (presha kubwa). Hapa kuna mtego ambao mimi mwenyewe nilinasa. Fundi alifunga geji gari imezimwa, ikasoma kama 95, akaniambia "presha ipo ya kutosha, tatizo lako ni kompresa". Kumbe gari ikiwa imezimwa ile namba inafuata joto la hewa tu. R134a kwenye nyuzi 30 itasoma karibu psi 95 mpaka 100 iwe imebaki robo au imejaa, alimradi kuna kimiminika kidogo humo ndani. Ni kama mtungi wako wa gesi ya kupikia, presha iko vile vile mpaka karibu unapoisha. Kusimama kunakwambia tu kwamba sio tupu kabisa, hakukwambii imo kiasi gani.

Ya maana ni kusoma injini inaunguruma, AC mwisho, milango wazi. Kwa joto letu la Dar bluu ikiwa kati ya 30 na 45, nyekundu 200 mpaka 250 hivi, mko vizuri. Zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Zote ziko juu, ama imejazwa kupita kiasi ama kondensa haipoi, rudi kwenye feni. Na ndiyo, gesi ikizidi AC inatoa joto vile vile, ndo maana kuongeza "kidogo tu bosi" mara ya pili na ya tatu wakati mwingine kunaharibu. Bluu ikiwa juu na nyekundu chini, zinataka kukutana, hapo kompresa haibani tena, imechoka. Bluu ikishuka mpaka chini ya sifuri, kuna kitu kimeziba, ekspansheni valvu au draya (kichujio cha kunyonya unyevu).

Kutafuta inapovujia

Turudi kwenye IST. Nilipochoka nikatafuta fundi mwingine, mzee mmoja ambaye hana hata kibao cha kazi. Hakufunga geji kwanza. Akachuchumaa na tochi mbele ya gari, akatoa grili, akaangalia kona ya chini ya kondensa kama dakika nzima, akapitisha kidole.

"Shika hapa."

Nikashika, kulikuwa na utelezi na vumbi limegandia, doa jeusi kama la ukubwa wa kizibo cha soda.

"Hii ni oili, na oili haina safari yake peke yake humu, ikitoka ujue imetoka na gesi. Unakaa wapi?"

"Kigamboni."

"Chumvi hiyo, na mawe. Zinaoza kuanzia chini."

Akachanganya sabuni ya vyombo na maji, povu zito, akapaka. Vipovu vidogo vidogo vikaanza kupanda, polepole, kama vya uji unaotaka kuchemka. Mara tatu nimelipa gesi na tundu lilikuwa pale, sentimita chache nyuma ya plastiki ya mbele.

Kwaiyo wewe fanya hivyo, tafuta mafuta yaliyogandiwa na vumbi: maungio yote ya mabomba, uso wa mbele wa kompresa pale shafti inapotokea, kona za kondensa, mipira pale inapobanwa na chuma. Na usisahau zile ventili mbili za kufungia geji. Ndani zina valvu inayofanana na ya tairi na zinavuja sana, hasa kama kofia zake za plastiki zilipotea kwa fundi aliyepita (zinapotea kila mara sijui wanazila). Povu hapo kwanza, ni sekunde tano.

Uvujaji ukiwa wa taratibu mno povu halioni. Kuna rangi inayoingizwa kwenye mfumo, unatembelea gari wiki moja alafu usiku unamulika kwa kitochi cha zambarau kama kile cha kukagua noti, palipovuja panang'aa kijani. Njia nyingine ni kujaza naitrojeni kupima. Upepo wa mashine ya tairi usikubali, unaingiza unyevu, na oksijeni ya kuchomelea usikubali hata kidogo, oksijeni na oili chini ya presha inalipuka. Kama kote nje ni kukavu na gesi bado inapotea, mashaka yanahamia evapureta, na hapo pole, dashibodi inashuka.

Zile dawa za kopo za kuziba matundu ya AC achana nazo. Zinaziba hata pasipotakiwa kuzibwa.

Kurekebisha ukishaliona

Kama ni o-ringi (kile kipira cha duara) ya maungio, badilisha, ile ya zamani usirudishe, mpya ipake oili ya AC kabla ya kukaza, na iwe ya AC yenye kuhimili gesi na oili hiyo, sio ya bomba la maji. Kama ni kondensa kama yangu, una maamuzi ya kufanya. Gerezani utapata mtumba kwa bei nafuu, na mimi sipingi mtumba, gari yenyewe ni mtumba, ila angalia midomo yake. Kondensa za Toyota nyingi za umri huu zina draya imeungwa ubavuni, kazi yake kunyonya unyevu, na kama ilikaa dukani miezi midomo iko wazi ile draya imeshakunywa unyevu wa Kariakoo mpaka imeshiba. Nilichukua mpya, ya kampuni isiyo na jina kubwa, ilikuja na vizibo vyake. Ukibadilisha kondensa ongeza na oili kidogo, kama mililita 30 mpaka 40, ya aina inayotakiwa na kompresa yako. Toyota nyingi za R134a zinatumia ND-OIL 8, ambayo ni oili ya aina ya PAG, na chupa yake ukifungua funga haraka maana inavuta maji kutoka hewani.

Alafu vakyumu. Hii ndo hatua inayorukwa zaidi, na usipoangalia ukaondoka kwenda kunywa chai, itarukwa. Pampu inavuta hewa yote nje, na presha ikishuka vya kutosha maji yaliyobaki ndani yanachemka kwa joto la kawaida tu na kutoka kama mvuke. Angalau nusu saa, mimi nasema dakika arobaini na tano. Wengine wanatumia kompresa ya friji kuukuu badala ya pampu, kama mshale wa bluu unafika karibu na inchi 29 za zebaki chini ya sifuri na unakaa, sina ugomvi nayo, tuwe na subira zaidi tu. Kisha funga koki zote, zima pampu, kaa dakika ishirini ukiutazama mshale. Ukipanda, kuna tundu lingine, usiweke gesi.

Gesi inaingizwa kwa mizani, kwa gramu. Chini ya boneti au mbele kwenye chuma kuna stika imeandika aina ya gesi na uzito wake, gari ndogo nyingi zinacheza gramu 400 mpaka 500 lakini fuata stika yako sio maneno yangu. "Tunasikilizia kwa mkono" ndo chanzo cha gari zilizozidishwa gesi. Soma na aina pia, gari za karibuni zinakuja na R1234yf, hiyo haichanganywi na R134a. Na kuna wanaojaza gesi ya kupikia kwa siri kwa sababu ni rahisi na inapooza kweli. Inapooza, ndiyo, ila evapureta iko mbele ya magoti yako, ikivuja umekaa ndani ya boksi la gesi inayowaka na kuna nyaya za umeme pembeni. Muulize fundi akuonyeshe mtungi.

Gesi ya zamani iliyobaki isiachiwe hewani tu psssh, fundi mwenye mashine anaivuta na kuitunza. R134a kilo moja inapasha dunia joto mara 1,430 ya kilo moja ya hewa ya ukaa kwa miaka mia, ndo maana mwaka 2016 nchi zilikaa hapo Kigali kwa majirani zikakubaliana kupunguza gesi za ukoo huu.

Kesi mbili za kumalizia. Upande wa dereva joto, wa abiria baridi, na geji ziko sawa: ndani ya dashibodi kuna vilango vya kuchanganya hewa ya hita na ya AC, kebo imechomoka au kimota chake kimekufa, sikiliza "tik tik tik" ukigeuza kinobu. Na kama una gari la haibridi, kompresa yake inaendeshwa na umeme mkubwa, volti zaidi ya 200, nyaya za rangi ya chungwa. Usiguse, na oili ya PAG isiingie humo kabisa, inatumia oili yake ya kutopitisha umeme, huyo mpeleke kwa mtu wa haibridi.

Ukimaliza pima kwa themomita hata ile ya jikoni, ichomeke tundu la katikati, hewa ya ndani, feni ya wastani, dakika kumi. Yangu mchana wa saa saba imesimama ilisoma 9, na baada ya miezi minane bado inacheza hapo hapo.

Na siku mbili baada ya matengenezo mama watoto alinipigia simu kwamba gari inavuja chini upande wa abiria, ameweka na ndoo. Yale ni maji ya jasho la evapureta, gusa, ni maji matupu hayana rangi wala utelezi, yakidondoka ujue AC inafanya kazi. Wasiwasi ni siku yasipodondoka na kapeti la miguuni kwa abiria likalowa, hapo kimpira cha kutolea maji kimeziba, kitafute chini nyuma ya injini, kichokonoe taratibu kwa waya laini.